Nani Kasema Samuye Hakuna Kazi ya Teknolojia?

Samuye ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga. Watu wake ni wakulima na wafugaji, na kwa miaka zaidi ya 80 wamewaona vijana wao wakiondoka kwenda kutafuta riziki kwenye mawe: almasi ya Mwadui tangu 1940, kisha dhahabu ya Geita tangu 2000, Bulyanhulu tangu 2001 na Buzwagi tangu 2009. Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, swali la nyumbani huwa lile lile: mtoto akasomee nini ili apate kazi? Majibu hayapungui. Yapo ya walimu, ya wajomba waliowahi kufanya kazi mgodini, na ya wanasiasa. Nayachukua hapa yale yanayorudiwa zaidi. Mengi yana ukweli wa nusu, na ukweli wa nusu unagharimu ada nzima.

La kwanza: “Kazi za teknolojia ziko Dar es Salaam. Huku ni majembe na machimbo.”

Kama teknolojia ni kijana aliyevaa fulana nzuri, amekaa kwenye kiyoyozi akitengeneza programu ya simu, basi ni kweli, huyo yuko Dar au Nairobi. Lakini tazama kilichotokea Geita. Mgodi ule ulianza kwa mashimo ya wazi, na shimo la wazi lilihitaji madereva wa malori makubwa, waendesha makatapila, walipuaji na wapima ardhi. Mwaka 2016 wakaanza kuingia chini ya ardhi eneo la Star and Comet, wakafuata Nyankanga, kisha Geita Hill. Kampuni ni ile ile, dhahabu ni ile ile, ila orodha ya wanaotakiwa kazini ikabadilika.

Chini ya ardhi hata hewa ni mradi. Lazima isukumwe na mafeni makubwa ya umeme, na mtu ajue ni kiasi gani kinafika kwenye kila tawi la handaki. Maji lazima yavutwe usiku na mchana. Dari lazima ishikiliwe kwa nondo na wavu, na mtu apime kama mwamba unasogea. Mashine ya kuchoronga ina kompyuta inayoelekeza kila tundu liende pembe gani na kina gani. Ikigoma, haimwambii fundi mahali inapouma kwa kutoa moshi. Inamwonyesha namba kwenye kioo. Fundi anayejua spana peke yake atasimama pale akiitazama. Anayetakiwa ni yule anayesoma mchoro wa haidroliki na mchoro wa umeme kwa pamoja, akachomeka kompyuta mpakato kwenye mashine na kuuliza kilichotokea dakika tano kabla haijazima. Huyo hajiiti mtu wa TEHAMA, wala tangazo la kazi halimwiti hivyo. Ndiyo maana takwimu za “ajira za teknolojia” zinampita pembeni, na mzazi wa Samuye anaambiwa mwanawe hana pa kwenda ila Dar.

Kuna mfano wa karibu zaidi, na huu haukuletwa na mashine mpya. Januari 2019 bwawa la mabaki ya mgodi lilibomoka Brumadinho, Brazili, na watu 270 wakafa. Mwaka uliofuata, Agosti 2020, kikatolewa kiwango cha kimataifa cha kusimamia mabwawa ya aina hiyo: nani anawajibika, nini kipimwe, nani aambiwe. Watu wa Shinyanga hawakuhitaji kuitazama Brazili kwenye runinga kwa muda mrefu. Novemba 2022 ukuta wa bwawa la mabaki la Mwadui, wilayani Kishapu, ulibomoka, tope likamwagika kwenye ardhi na makazi ya wanavijiji. Kuanzia hapo, swali la nani anasoma vipimo vya maji ndani ya ukuta wa bwawa, nani anarusha ndege isiyo na rubani kupiga picha za ukuta huo, na nani anajua namba ikifika ngapi apige king'ora, si swali la vitabuni tena. Hiyo ni kazi ya fundi sanifu. Haihitaji digrii tatu. Inahitaji hesabu, uangalifu, na mtu anayeishi jirani na bwawa kiasi cha kulifahamu wakati wa masika na wakati wa kiangazi. Nani anafaa kuliko kijana wa Kishapu au Samuye? Lakini uliza ni mzazi gani amewahi kumsikia mwalimu akiitaja kazi hiyo kwa mtoto wake.

La pili ndilo linalowatisha watu zaidi: mashine na akili mnemba zitakula kazi zote, kwa hiyo ada ya ufundi ni fedha ya kutupa.

Sitasema ni uongo mtupu. Huko Pilbara, Australia Magharibi, kampuni ya Rio Tinto ilianza kutumia malori yasiyo na dereva mwaka 2008, na wanaoyasimamia wanakaa mjini Perth, kilometa kama 1,500 kutoka mgodini. Kuendesha lori la mgodi ni ndoto ya vijana wengi wa kanda hii. Mimi nisingemshauri aliye kidato cha pili leo aijenge nyumba yake yote juu ya kiti kile. Na Perth inatupa onyo jingine ambalo halisemwi sana: kazi ikishahamia kwenye skrini, inaweza pia kuhama mkoa.

Lakini zichukue kazi zilizokwisha kupotea huku kwetu, moja moja, uulize iliuawa na nani.

Machi 2017 serikali ilizuia makinikia, yaani mchanga wenye madini, kusafirishwa nje ya nchi. Mei ikaja ripoti ya kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma, Juni ya Profesa Nehemiah Osoro, Julai kampuni ya Acacia ikapelekewa madai ya kodi ya dola za Marekani bilioni 190 hivi. Septemba ikatangaza kupunguza shughuli zake Bulyanhulu, na ajira za watu wapatao 2,000, wa kampuni na wa wakandarasi, zikaingia kwenye fagio. Ubishi wa nani alikuwa na haki una mahali pake. Hapa ninachotaka ni kitu kimoja tu, kwamba hapakuwa na roboti. Kampuni ya Barrick ikaichukua Acacia yote mwaka 2019, ikaundwa Twiga Minerals ambamo serikali ina hisa asilimia 16, na uchimbaji wa chini ya ardhi ukarejea mwishoni mwa 2020. Miaka mitatu kwa fundi wa mashine zenye programu ni muda mrefu wa kukaa nje.

Buzwagi je? Mawe yaliisha. Uchimbaji ulimalizika, wakaendelea kuchenjua akiba iliyokuwa juu, na 2021 nayo ikaisha. Vivyo hivyo kiwanda cha Sojo, Nzega, kilichojengwa kupaka mabomba ya bomba la mafuta la kutoka Hoima hadi Tanga. Bomba lina urefu wa kilometa 1,443, si zaidi, na mabomba yakiisha kupakwa, kazi ya kupaka nayo imeisha. Hizi ni kazi zilizozaliwa na tarehe ya kufa ikiwa imeandikwa.

Hata wale wanaotangaza mabadiliko makubwa duniani hawasemi kila kitu kitafutika. Ripoti ya Jukwaa la Uchumi Duniani ya 2025, iliyowauliza waajiri zaidi ya 1,000, inasema wanatarajia asilimia 39 ya ujuzi wa msingi wa wafanyakazi wao ibadilike ifikapo 2030. Ile ya 2023 ilisema 44. Ni matarajio ya waajiri, yachukuliwe kwa tahadhari hiyo. Lakini hata ukiyakubali yote, sehemu kubwa ya anachokijua fundi mzuri leo itakuwa bado inamlisha. Umeme hautabadilisha kanuni zake kwa sababu kampuni imenunua mashine mpya.

La tatu: “Serikali ihesabu wataalamu wanaotakiwa, ifundishe idadi hiyo hiyo, basi.”

Hili napenda kulijadili taratibu kwa sababu nchi hii iliwahi kulifanya, na haikulifanya vibaya. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba wakati wa uhuru tulikuwa na wahandisi wawili na madaktari 12. Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, wa 1964 hadi 1969, uliweka malengo makuu matatu ya kufikiwa ifikapo 1980: pato la mtu mmoja lipande hadi pauni 45 kwa mwaka, umri wa kuishi ufike miaka 50, na nchi ijitosheleze kwa wataalamu wake yenyewe. Ukafanyika uchunguzi wa nafasi zilizopo na zitakazokuja, kada kwa kada. Nafasi za chuo kikuu zikagawanywa kwa mujibu wa hesabu hiyo, na mwanafunzi aliyesomeshwa na serikali akajifunga kuitumikia baada ya masomo.

Kwa nini hesabu ile iliwezekana? Kwa sababu mwajiri wa wasomi alikuwa karibu mmoja, na alikuwa yeye yeye anayehesabu. Serikali ilijua ina hospitali ngapi, itajenga ngapi, kila moja inataka madaktari wangapi. Nafasi ya bwana shamba haikuwa inafutwa na bei ya dhahabu London. Leo anayeajiri Shinyanga na Geita ni kampuni yenye makao yake nje, wakandarasi wanaobadilika mkataba ukiisha, halmashauri, wenye viwanda vidogo vya kuchenjua, na wachimbaji wadogo kwa maelfu. Jedwali gani la mwaka 2015 lingeliona tamko la Acacia la Septemba 2017?

Wapo watakaoruka upande wa pili na kusema basi kupanga hakuna maana, soko liamue. Hapo nao wanakosea, na kwa mgodi wanakosea zaidi kuliko popote. Mgodi ni mwajiri anayejua mambo yake ya mbele kuliko duka, benki au kampuni ya simu. Una mpango unaoonyesha mwamba upi utachimbwa mwaka upi, na kwa njia gani. Una mpango wa kufunga, kwa sababu sheria inautaka. Tangu 2018, Kanuni za Ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini zinamtaka mwenye leseni awasilishe kwa Tume ya Madini mpango wa ajira na mafunzo, pamoja na mpango wa kurithisha nafasi zilizoshikwa na wageni. Yaani taarifa anayoihitaji mkuu wa chuo cha ufundi Shinyanga, kwamba mgodi fulani utahitaji mafundi umeme wa chini ya ardhi baada ya miaka mitatu, kuna mtu tayari ameiandika na kuipiga muhuri. Haiko Samuye. Iko kwenye faili.

Kwa hiyo kupanga kunakofaa huku ni kufupi na kwa karibu: kusoma miaka mitatu au minne ya mbele kutoka kwenye mipango hiyo, kurekebisha kila mwaka, na kumpa kijana msingi usiooza. Msingi huo ni umeme, mitambo, hesabu, usomaji wa michoro, na Kiingereza cha kusoma kitabu cha mashine. Juu yake yawekwe mafunzo mafupi yanayobadilika kadiri mgodi unavyobadilika. Mfano tunao, japo uko mbali. Migodi mikubwa, kupitia Chemba yao ya Madini, ilishirikiana na VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, kuanzisha mafunzo ya mafundi wa migodini, mwanafunzi akigawa muda wake kati ya chuo na mgodi halisi. Mafunzo yale yakawekwa Moshi. Moshi! Dhahabu iko Geita na Kahama, fundi wake anafundishwa chini ya Mlima Kilimanjaro. Najua sababu ya karakana zilizokuwepo kule, lakini nauli ya kutoka Samuye hadi Moshi nayo ni mtihani wa kuingia chuo, na wengi wanafeli huo kabla ya ule wa hesabu. Barrick imefungua chuo chake Buzwagi mwaka 2024, kwenye majengo ya mgodi uliofungwa, na ni jambo jema. Ila kile ni cha wasimamizi na viongozi wa kazi ambao tayari wamo ndani ya geti.

Mtaala mpya ulioanza 2024 umeleta mkondo wa amali, yaani wa ufundi, sekondari. Wanafunzi wake wa kwanza watamaliza kidato cha nne 2027. Karakana na walimu wa amali ndivyo vitakavyoamua kama mkondo huo utakuwa na maji.

La nne: “Asome kompyuta, kazi ziko mtandaoni, hata akiwa Samuye atalipwa kwa dola.”

Kwa ufupi: wapo wanaolipwa, na heri yao. Lakini mwangalie jirani. Nairobi ilisifiwa kama mji wa kazi hizo, na Januari 2023 kampuni ya Sama, iliyokuwa ikisafisha maudhui ya Facebook, ilitangaza kuachana na kazi hiyo. Wafanyakazi wapatao 260 wakajikuta nje, na shauri likaishia mahakamani. Kazi inayoweza kufanywa popote inaweza kuondolewa popote, kwa barua pepe moja. Bwawa la Mwadui haliwezi kupelekwa Manila. Kompyuta asome, lakini aisome pamoja na kitu chenye uzito.

La tano linanikera: “Wachimbaji wadogo hawana ujuzi, wana nguvu tu.”

Aliyesema hivi hajawahi kusimama kwenye mwalo, pale mawe ya dhahabu yanaposagwa na kuoshwa. Mchimbaji wa duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, anasoma mkanda wa mwamba kwa macho na kwa mlio wa nyundo, anajua jiwe lipi lipelekwe karasha na lipi litupwe. Udhaifu wake uko mahali pengine, kwenye kemia. Akitumia zebaki anapata sehemu tu ya dhahabu iliyomo, mara nyingi haifiki nusu. Kinachobaki, yale marudio, kinanunuliwa kwa bei ya mchanga na mwenye mtambo wa sayanaidi, ambaye anakichenjua na kupata kilichoachwa. Tajiri wa pale hakuchimba zaidi, alijua zaidi. Hivyo ujuzi wa uchenjuaji unaamua nani anajenga nyumba ya bati na nani anabaki na tochi kichwani.

Shirika la madini la serikali, STAMICO, liliweka vituo vya mfano vya uchenjuaji Lwamgasa na Katente mkoani Geita, na Itumbi kule Chunya, ili mchimbaji aone kwa macho yake njia isiyo ya zebaki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na mkataba huo ukitekelezwa kweli, mahitaji ya watu wanaojua kupima, kuchanganya na kutunza sayanaidi kwa usalama yataongezeka kuanzia kwenye mialo, si kwenye kampuni kubwa. Soko la kwanza la madini lilifunguliwa Geita Machi 2019, na masoko yakaenea; kila soko linahitaji mtu wa kupima usafi wa dhahabu kwa mashine na mtu wa kuweka kumbukumbu zisizochezewa. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: fundi anapimwa kwa alichonacho mkononi, anapewa cheti. Umesaidia waashi, mafundi magari, wapishi. Uchenjuaji wa mialoni ndio ungefaa uwe wa mbele kwenye orodha hiyo katika mikoa hii, kwa sababu kosa la mtu wa sayanaidi halimwumizi yeye peke yake.

Na la mwisho, ambalo husemwa kwa sauti ya chini: “Hata asome nini, nafasi wanapeana.”

Wenye kulijibu haraka hutaja sheria. Ni kweli, kanuni za 2018 zimebana ajira za wageni, na Barrick yenyewe hutangaza kwamba zaidi ya asilimia 90 ya wafanyakazi wake nchini ni Watanzania. Lakini mzee wa Samuye haulizi kama aliyeajiriwa ni Mtanzania. Anauliza kama tangazo lilifika Samuye kabla ya siku ya mwisho ya maombi, na kama anayeajiri ni mgodi au ni wakala wa mkandarasi wa mkandarasi, ambaye orodha yake iko kwenye simu ya mtu. Dai hili siwezi kulipangua lote, na sitajaribu. Naweza kusema tu kwamba kujuana hustawi pale ambapo taarifa ni chache. Tume ya Madini ingeweza kutoa sehemu moja ya zile faili bila kufichua siri ya biashara ya mtu yeyote: nafasi ipi inashikwa na mgeni, inatakiwa kurithiwa mwaka gani, na anayerithi anatakiwa awe na cheti gani na uzoefu wa miaka mingapi. Ukurasa mmoja kwa kila mgodi, kwa Kiswahili, kila Januari, ubandikwe ofisi za kata na shule za sekondari za Shinyanga na Geita. Mwalimu wa kidato cha tatu angekuwa na kitu cha kuonyesha anapoulizwa mtoto akasomee nini, na mkuu wa chuo angejua aombe karakana ipi kwenye bajeti. Kampuni nazo zingejua kwamba mwaka ule ukifika, kuna watu Samuye wanaohesabu.